Jumamosi, Saa Kumi, Mita Arobaini

6 Februari

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Barua yako nimeipata na kuisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu jikoni. Kurasa sita, na bado umeandika pembeni, "Nimesahau kukuambia." Jina la Kasuku nilikupa ulipokuwa na miaka mitatu, na sijawahi kulijutia.

Umeniuliza kama kweli mtu anaweza kuzungumza na nchi ya mbali bila simu na bila intaneti. Anaweza. Miaka thelathini niliyokaa posta, kwenye chumba cha simu za maandishi, nilikuwa napeleka maneno ya watu: fulani amejifungua, fulani amefariki, njoo haraka. Nikirudi nyumbani ndipo nilipopeleka ya kwangu. Redio ya ridhaa ndiyo hiyo. Mtu anaipenda tu, si kwa mshahara. Anasoma, anafanya mtihani, anapewa leseni na alama yake ya kuitwa hewani, kisha anawasha chombo na kumtafuta mwenzake. Hauzi kitu, hapigi siasa. Anasalimia, anasema yuko wapi, anaeleza chombo chake. Kama unaona hilo linachosha, ngoja siku utakapoita hewani na mtu usiyemjua akakuitikia.

Ila tunazeeka, mwanangu. Zamani kwenye masafa yetu tulisikika watu ishirini. Kila mwaka anapungua mmoja, na sauti changa haziji. Kwa hiyo nimekutumia sanduku kwa gari la mizigo. Ndani mna redio yangu ndogo (ile kubwa nimebaki nayo), waya wa antena, na kitabu cha mtihani nilichokijaza maandishi pembeni. Uliniambia mwalimu wenu mpya wa fizikia ana leseni aliyoipata chuoni na haitumii. Mwombe awasimamie, mtaruhusiwa kuzungumza mbele yake wakati mkijiandaa kwa mtihani wenu.

Na usiwahubirie wenzako faida. Vijana hawavutwi na faida. Wasikilizishe tu, basi.

Mimi niko hewani kila Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye mawimbi ya mita arobaini, masafa niliyoyaandika kwenye jalada la kitabu. Mkiwa tayari, niiteni.

Uendelee kuniandikia. Shuleni kwenu simu zimefungiwa ofisini, na mimi nazo hatupatani, baba yako anajua.

Shangazi yako

*

22 Februari

Shangazi, shikamoo,

Sanduku limefika salama. Mlinzi wa getini alikataa kulipitisha mpaka Mhandisi alipolifungua mbele yake na kumweleza kila skrubu, na mwisho mzee wa watu akasema, "Piteni tu, nimechoka." Mhandisi ndiye ninayekaa naye dawati moja. Jina hilo alilipata aliposhusha saa ya ukutani ya bwalo na kuifungua "kuona tu." Aliadhibiwa wiki nzima, lakini tangu siku ile saa inakwenda sawasawa.

Mwalimu wa fizikia amekubali. Mwalimu mkuu naye ametupa stoo iliyo nyuma ya maabara, ila amesema ni kwa majaribio, muhula mmoja, maana anaitaka kwa viti vibovu. Tumeipiga deki mara tatu. Antena tumeifunga kutoka mnara wa tanki la maji hadi paa la maabara. Mwalimu alipanda ngazi, Mhandisi akawa anamwelekeza kutoka chini kana kwamba yeye ndiye mwalimu.

Nilifanya ulivyosema. Sikuhubiri. Nilifungua dirisha la stoo wakati wa mapumziko nikaongeza sauti. Kulikuwa na mikwaruzo, kisha mluzi, kisha mwanamume mmoja sijui wa wapi anasema kwa utulivu kabisa kwamba kwake mvua inanyesha. Basi. Wasichana wakasimama na vikombe vyao vya uji wakisikiliza mvua ya mtu wasiyemjua. Jioni ile kumi na wanne waliandikisha majina kwenye chama chetu kipya cha redio.

Sasa nisikilize vizuri. Jumamosi ya tarehe 9 Machi, saa kumi, nitakuita. Nimeshamwambia mwalimu mkuu, na atakuja. Nimewaambia wote kwamba wewe huwa hukosi.

Kasuku wako

*

10 Machi

Shangazi, shikamoo,

Natumaini hujambo. Sisi tuko salama.

Jana tulikuita. Sijui ulitusikia? Labda kosa ni letu, labda waya umeshika vibaya mahali. Mhandisi anasema hapana, anasema alipima kila kiungo, lakini Mhandisi huwa hakubali kosa.

Walikuja kama arobaini. Wengine walisimama nje dirishani. Mwalimu mkuu alikaa kiti cha mbele na mkoba magotini. Saa kumi kamili nikasema alama yetu, nikasema yako, nikasubiri. Nikarudia. Mara kumi na moja, Shangazi. Mara ya tano mtu nyuma akasema, "Shangazi kalala," wakacheka. Mara ya tisa hakucheka mtu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu mkuu akatazama saa yake, akaniambia kwa upole, "Labda siku nyingine, mwanangu," akaondoka.

Tafadhali niambie tu kama u mzima. Chama kinaendelea vizuri.

Kasuku

*

18 Machi

Mwanangu Kasuku,

Mimi ni mzima, usiwe na wasiwasi. Pole sana kwa usumbufu. Redio yangu iliharibika ghafla katikati ya wiki, nikaipeleka kwa fundi, na unajua mafundi. Akimaliza nitakuandikia.

Waambie wenzako wasivunjike moyo. Someni kitabu.

Shangazi yako

*

27 Machi

Kwa Fundi Redio,
Duka linalotazamana na posta

Shikamoo Fundi,

Hunijui. Mimi ni mtoto wa kaka yake yule mama mstaafu wa posta, mwenye antena ndefu juu ya nyumba. Ameniambia redio yake iko kwako tangu mwanzoni mwa mwezi.

Sitaki kuonekana sina adabu, lakini naomba uifanyie haraka. Hapa shuleni tulikuwa kumi na wanne kwenye chama, tumebaki watano. Shangazi hilo halijui, nami nakuomba usimwambie. Jumamosi mbili zilizofuata tulimwita tena, kimya. Wenzangu wanasema shangazi yangu ni wa kutunga. Muhula ukiisha hivi, stoo yetu inawekwa viti.

Kama ni kifaa kinachokosekana, niandikie jina lake. Nina rafiki anayeweza kukitengeneza kwa kitu kingine.

Wako kwa heshima,
Binti wa kaka yake

*

4 Aprili

Binti,

Marahaba. Barua yako imenifikia nikiwa na pasi ya kuchomea mkononi, nikaiweka chini nisije nikaunguza meza.

Redio ya shangazi yako haijawahi kuwa kwangu. Na ingekuwa kwangu, isingekaa wiki nne. Nasema hili kwa ajili ya jina la kazi yangu, kisha naendelea.

Nimekaa siku mbili nikijiuliza kama nikuandikie. Shangazi yako ni mteja wangu wa miaka mingi na ni mtu ninayemheshimu. Lakini umemtaja yeye, umenitaja mimi, na ukweli umeachwa nje ya mlango, nami naona si vizuri.

Tarehe 9 Machi alikuwa ameniita nikamkazie waya wa antena uliolegea. Nilibisha hodi mpaka mkono ukaniuma. Nikasikia redio ndani imefunguliwa sauti hadi vioo vya dirisha vinatetemeka, nikaingia. Alikuwa amekaa mbele ya chombo, mgongo kwangu. Na kwenye spika kulikuwa na sauti ya msichana anaita. Sauti safi, binti, haina mkwaruzo hata mmoja. Mwambie rafiki yako viungo vyake vyote vilikuwa sawa.

Yeye hakuwa anasikia. Alikuwa anaitazama ile sindano ndogo inayopima nguvu ya mawimbi. Kila ulipoita, sindano ilipanda. Uliponyamaza, ikalala. Nikamgusa bega, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi: "Anakuita." Akasema, "Najua. Naiona."

Mimi nisingeweza kukujibu. Vyombo navitengeneza, leseni ya kusema sina. Nilisimama pale kama nguzo mpaka ulipokoma.

Masikio yake yalianza kwenda miaka mitatu iliyopita, na sasa yamekwisha karibu yote. Ameniapisha nisiseme, maana anaogopa kaka yake akijua atamhamishia kwake, nyumba ifungwe. Hewani hajazungumza mwaka mmoja na nusu. Huwa anawasha tu, kila Jumamosi, anakaa.

Sasa nimekiuka kiapo. Fanya nalo lililo jema.

Fundi

*

14 Aprili

Fundi, shikamoo,

Asante kwa kuniambia. Niliisoma barua yako nyuma ya maabara na sikuingia darasani kipindi kizima.

Nimemwambia Mhandisi peke yake. Juzi, tukiwa tunafua, akaniuliza, "Shangazi yako ana mikono?" Nikataka kumpiga. Akasema, "Nauliza kweli. Amekaa posta miaka thelathini akigonga nukta na vistari. Hizo hazihitaji sikio. Zinahitaji mahali pa kugonga."

Usiku hatukulala kwa kunong'onezana, na asubuhi tukajaribu. Alijaza pamba masikioni, akafumba macho, akaweka vidole juu ya spika iliyovuliwa kitambaa. Mimi nikawa nabonyeza kitufe tulichokiunga na spika kupitia mashine ya maabara ya kutoa mlio, fupi, ndefu, fupi. Sauti nyembamba haikumfikia. Tulipoishusha ikawa nzito, akasema anaisikia mpaka kwenye kiwiko. Alihesabu ishirini bila kukosea.

Tunaomba mambo mawili. Kwanza, umtafutie spika kubwa, kama zile za redio za makabati ya zamani, uifunge iangalie juu, ili mkono ukae vizuri. Pili, uniruhusu nimwandikie Shangazi kwamba najua. Sitaki kumzunguka. Amezungukwa na siri za kutosha, zake na zangu.

Tatizo ni kwamba sisi alama za Morse hatuzijui. Tulizipita kwenye kitabu, tukasema ni mambo ya kizamani. Tumeanza jana. Mwalimu wa fizikia anajifunza pamoja nasi na ndiye wa mwisho darasani.

Binti wa kaka yake

*

4 Mei

Shangazi yangu, shikamoo,

Fundi ameniruhusu nikuandikie haya, na kama utamkasirikia, nikasirikie mimi kwanza. Nilimwandikia kumsema kwa kuchelewesha redio yako, akashindwa kubeba lawama isiyo yake.

Najua kuhusu masikio. Najua uliiona sindano. Shangazi, kumbe tarehe 9 Machi nilikufikia.

Na mimi nilikuficha. Niliandika chama kinaendelea vizuri wakati watu walikuwa wanatoka kila siku. Tulibaki watano, halafu watatu. Nilikuwa na hasira na wewe usiku na mchana, na katika barua zangu zote nikawa nakuuliza hali. Tumefanana.

Fundi atakuletea spika moja kubwa. Weka mkono juu yake, usiulize kwa nini, na mwambie azungushe kile kitufe cha kushusha mlio. Kisha nipe siku. Nitagonga. Nakuonya kwamba nagonga vibaya. Herufi zangu zimegandamana, na nikikosea naanza upya sentensi nzima. Mhandisi ni mzuri zaidi, lakini tumekubaliana kwamba wa kwanza niwe mimi.

Kuhusu baba, sitasema neno. Hilo ni lako. Ila nadhani unamwogopa kuliko anavyostahili.

Kasuku

*

13 Mei

Mwanangu,

Fundi nimemnunia siku tatu. Siku ya nne alikuja na spika mabegani, kubwa kama sinia, nikashindwa kuendelea kununa maana ilibidi nimfungulie mlango.

Nisikilize na mimi sasa. Nilipokuambia mniite, nilijidanganya kwamba sauti yako nitaisikia. Siku ile ningeweza kushika kipaza sauti nikasema nimekupata. Nilikishika. Lakini ungeniuliza jambo, nami ningejibu jambo lingine, mbele ya mwalimu mkuu wako na watu arobaini. Nikaona heri wafikiri nimelala kuliko wajue nimekuwa mzigo. Sikufikiria kwamba wa kuaibika utakuwa wewe. Nilipoona sindano imelala haipandi tena, ndipo nilipojua nilichofanya, na hata hapo nikakuandikia uongo. Nisamehe.

Nimeijaribu spika. Fundi alitafuta kituo kinachogonga polepole, nikaweka vidole. Mwanzoni nilihisi mtetemo tu, kama gari linapita barabarani. Nikavumilia. Ghafla mtetemo ukawa herufi, na herufi ikawa neno, na neno lilikuwa "jioni." Mtu alikuwa anamtakia mwenzake jioni njema. Kasuku, mwaka mmoja na nusu sijapokea neno lolote hewani. Nilimfukuza Fundi atoke nje, maana sikutaka anione.

Jumamosi tarehe 1 Juni, saa kumi. Usialike mtu ila mwenyewe akitaka. Na ukikosea herufi, usianze upya sentensi. Gonga nukta nane, maana yake nimekosea, endelea mbele. Sisi wote tunakosea.

Shangazi yako

*

17 Juni

Shangazi, shikamoo,

Mkono wangu ndiyo kwanza umepona. Dakika arobaini na tano kwenye kitufe, kwa mara ya kwanza, si mchezo.

Hukuniuliza kwa upande wetu kulikuwaje. Hatukumwalika mtu, lakini mlango ulikuwa wazi. Tulipoanza tulikuwa watatu na mwalimu. Nilikuita mara moja, nikaondoa mkono, na hata sijakaa sawa, ikaja alama yako. Ilikuja haraka mno, hatukuandika kitu. Tukaomba polepole. Ikaja polepole. Mhandisi alikuwa anasema herufi kwa sauti na mimi naandika ubaoni, na wapita njia wakaanza kusimama kuona ubao unaandikwa na mtu asiyekuwepo. Mwalimu mkuu aliingia, nadhani kupima stoo kwa ajili ya viti. Wakati ule nilikuwa nimekueleza mambo ya mtihani, chakula, mvua na rangi ya ukuta, na jibu lako likaja herufi kwa herufi mbele yake: MANENO MENGI KASUKU. Alicheka mpaka akavua miwani. Aliketi hadi mwisho. Viti havijaja.

Sasa tuko kumi na tisa. Watu wanataka kugonga kuliko kusema, sijui kwa nini. Kuna msichana wa kidato cha kwanza mwenye kigugumizi ambaye hazungumzi darasani. Kwenye kitufe hakamatiki.

Na kuna hili, nalisema mwisho kwa sababu silipendi. Mtihani wa leseni tulifanya sita, sisi watatu na wengine watatu waliorudi. Wamefaulu watano. Mhandisi amepata alama za juu kuliko watahiniwa wote wa kituo. Aliyeanguka ni mimi, sehemu ya sheria na kanuni. Nilijibu maswali kwa maelezo marefu mahali walipotaka neno moja. Nitarudia mwezi wa kumi. Nililia siku moja, kisha Mhandisi akanifungia kwenye stoo na kitabu.

Kasuku, asiye na leseni

*

1 Julai

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Kuanguka sehemu ya sheria si jambo. Fupisha majibu, soma ukurasa wa arobaini hadi sitini, na mwezi wa kumi utanipa habari nyingine.

Baba yako alikuja wiki iliyopita. Nilimwambia mwenyewe, kabla hajavua viatu. Akaanza yale niliyoyajua: chumba kipo, watoto wapo, utakaaje peke yako. Yote aliniandikia kwenye daftari, kwa hati ile ile mbaya ya utotoni. Sikubishana naye. Nilimketisha mbele ya redio, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya spika, na kila neno lililopita nikamsomea. Alikaa hapo saa nzima. Alipoondoka aliandika: "Nitakuja kila mwisho wa mwezi. Fundi awe anapita kila siku." Nimekubali. Fundi anapita hata bila kuambiwa.

Sasa nikueleze ya juzi. Jumamosi nilimaliza kuzungumza na shule yenu, nikawa nataka kuzima, nikahisi kitu kidogo chini ya vidole. Dhaifu sana. Mtu alikuwa anaita yeyote atakayesikia. Alama yake ni ya nchi nyingine, sijawahi kuikuta. Anagonga, anakosea, anaacha, anaanza tena. Hakuna aliyemjibu. Aliita dakika sita, nilizihesabu, na kila alipoita alikuwa anakosea mahali pale pale kwenye alama yake mwenyewe.

Nikamjibu.

Kisha akagonga kwamba ana miaka kumi na minne, amepata leseni Jumatano, na mimi ndiye mtu wa kwanza kumsikia. Akauliza kama anagonga vizuri.

Nilimwambia anasomeka. Kisha nikapunguza mwendo, nikaacha nafasi kubwa katikati ya kila herufi, nikamuuliza kwake kuna hali gani ya hewa, nikasubiri atafute jibu.

Shangazi yako